Kiraka kilichopotea: tawi imara na tawi la maendeleo kwa timu ya watu wanne

«Mwalimu, habari yako. Sisi ni vijana wanne hapa Nairobi na tunatunza mfumo endeshi huria tulioujenga juu ya Debian 11, mfumo huria wa Linux, kwa ajili ya maabara za shule. Uko katika shule 14, nyingi zikiwa Kasarani, Embakasi na Dagoretti, na kompyuta zenyewe nyingi zilitumika ng'ambo kabla ya kuletwa huku. Tuna matawi mawili: imara, linalokwenda shuleni, na maendeleo, tunakojaribia mambo mapya. Siku hizi tunazozana. Walimu wanatusihi tusiguse chochote. Wanafunzi wa vilabu vya kompyuta wanataka Python mpya na wanaona tumelala. Mei mwaka jana tulirekebisha hitilafu ya printa kwenye tawi imara, shule zikashukuru. Oktoba tukatoa toleo la majaribio na hitilafu ileile ikarudi kana kwamba hatukuwahi kuigusa. Sasa mmoja wetu anasema tuzike tawi imara, kila shule ifuate testing, tawi la majaribio la Debian, moja kwa moja. Mwingine anasema tusibadilishe kitu hadi mashine zife zenyewe. Muda tulio nao ni jioni na wikendi tu. Tutayalinganishaje matawi haya bila kuvunja timu?»

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika zaidi ni ile printa. Mvutano kati ya walimu na wanafunzi hautaisha hata mkifanya kila kitu sawasawa, maana pande zote mbili zina haki. Lakini hitilafu iliyozikwa Mei ikafufuka Oktoba ni dalili. Inanionyesha kwamba matawi yenu mawili yameacha kuwa ya mti mmoja. Yamekuwa miti miwili inayoitwa jina moja. Tukilishughulikia hilo, mengi ya mengine yatapata majibu njiani.

Kwanza tulisafishe neno lenyewe. Wengi wakisikia «imara» huelewa «isiyo na hitilafu». Sivyo. Katika mifumo endeshi, imara maana yake ni kwamba mambo hayabadiliki chini ya miguu yako: programu iliyofanya kazi Jumatatu itazikuta Ijumaa maktaba zilezile (vipande vya msimbo ambavyo programu huvitegemea), faili za mipangilio zikiwa mahali palepale, amri zikijibu vilevile. FreeBSD, mfumo mwingine endeshi huria, wana tawi liitwalo STABLE, na ahadi yake kuu ni hiyo hasa: programu iliyokwisha kutengenezwa kwa ajili ya tawi hilo isihitaji kutengenezwa upya kila mfumo unaposasishwa. Hitilafu zimo, na nyingine ni mbaya sana. Septemba 2006 badiliko dogo liliingizwa katika kifurushi cha Debian cha OpenSSL, programu inayosimba mawasiliano, likadhoofisha namba za kubahatisha zinazozalisha funguo za siri. Likapita, likaingia katika toleo imara la Aprili 2007, na halikutangazwa hadi tarehe 13 Mei 2008. Kwa zaidi ya mwaka mzima watu waaminifu walitumia toleo imara huku funguo zao zikiweza kubashiriwa. Kwa hiyo anayewaambia «tusibadilishe kitu» akidhani analinda usalama, mwelezeni kwa upole kwamba tawi imara hukaa salama kwa sababu kuna watu wanaolitia viraka, yaani marekebisho madogo, kila wiki. Viraka vikikoma, uimara wake unageuka ukuta unaooza ndani.

Kuna dhana nyingine inayowasumbua wanafunzi wenu, nayo ni kwamba namba ya zamani ni programu iliyotelekezwa. Kagueni kifurushi chochote kilichowahi kupata kiraka cha usalama katika Debian 11, mara nyingi mtaona mwishoni mwa namba yake kitu kama «+deb11u» na tarakimu. Hiyo ni alama ya kazi ya mtu. Amechukua rekebisho lililoandikwa kwa toleo jipya, akalipunguza, akalishonea kwenye toleo la zamani bila kuleta vitu vipya vilivyoambatana nalo. Namba imebaki ya zamani, tundu limezibwa. Ni kazi ngumu isiyo na sifa, na mimi huwaheshimu sana wanaoifanya.

Sasa upande wa pili, yule anayetaka kila shule ifuate testing. Huyu naye ana hoja, wala msimcheke. Katika Debian, kifurushi kipya huingia kwanza unstable, ambayo jina lake la kudumu ni sid. Hukaa huko siku 2, 5 au 10 kulingana na uharaka wake, na kama hakijaleta hitilafu nzito mpya, huvuka kwenda testing. Kwa laputopu ya msanidi programu, testing ni tamu. Tatizo ni kwamba kiraka cha usalama nacho hupita mlango uleule na huweza kukwama mlangoni pamoja na vingine. Timu ya usalama ya Debian huelekeza nguvu zake kwenye toleo imara, na testing haipewi ahadi ileile.

Kumbukeni pia Machi 2024. Andres Freund, mmoja wa wasanidi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, kwenye mashine yake ya Debian sid kunachelewa kama nusu sekunde. Hakupuuza. Akachimba hadi akakuta mlango wa siri uliofichwa katika xz, programu ya kubana faili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, akautangaza tarehe 29. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha kuingia unstable na testing za Debian, na pia katika matawi ya majaribio ya mifumo mingine kadhaa. Toleo imara la Debian halikuguswa, kwa sababu tu wakati ulikuwa haujalifikia. Mimi husoma tukio hilo kwa njia mbili kwa pamoja. Anayekaa kwenye tawi la maendeleo ni mlinzi wa zamu ya usiku: yeye ndiye hukutana na mwizi kwanza, na pasipo yeye mwizi angeingia nyumba nzima. Lakini mlinzi huchaguliwa akijua kazi yake. Darasa la watoto wa Embakasi halikuomba zamu hiyo.

Basi turudi kwenye printa. Mlipogundua hitilafu Mei, mlifungua tawi imara, mkarekebisha, mkatuma shuleni. Ni jambo la kawaida kabisa. Simu inalia, mwalimu ana karatasi za kuchapisha, unakimbilia pale panapouma. Ila tawi la maendeleo halikupata habari. Toleo la Oktoba lilipokatwa kutoka tawi hilo, lilizaliwa bila kiraka. Hitilafu haikurudi, upande huo haikuwahi kuondoka.

Nililipia somo hili mwaka wa 2013 nikisimamia maabara za chuo kimoja. Nilirekebisha kwa mkono mipangilio ya kadi za mtandao kwenye toleo lililokuwa likitumika, nikajisemea nitaipeleka kwenye tawi la maendeleo wikendi ijayo. Wikendi ile ikapita, na nyingine. Miezi minane baadaye tukasakinisha toleo jipya, na asubuhi ya mtihani wa vitendo kompyuta 40 hazikuona mtandao. Bado nakumbuka sura za wale wanafunzi wakiwa wamekaa mbele ya skrini wakinitazama.

Tangu hapo nashika kanuni moja ambayo pia ndiyo inayoongoza kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo: kiraka hushuka, hakipandi. Rekebisho huingia kwanza tawi la maendeleo, kisha linachukuliwa kutoka huko kuletwa tawi imara. Watunzaji wa matawi imara ya Linux hawapokei kiraka ambacho bado hakijaingia kwenye mti mkuu, na wanataka kiwe kifupi, kisichozidi mistari 100. FreeBSD wana desturi ya kuandika katika maelezo ya badiliko kwamba livushwe kwenda STABLE baada ya siku 3, au wiki moja, ili lipate kwanza kupumua kwa wanaotumia CURRENT, tawi lao la maendeleo. Nyinyi mnatumia Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, kwa hiyo njia ni nyepesi: rekebisheni kwenye maendeleo, kisha kwenye tawi imara tumieni amri ya git cherry-pick, inayonakili badiliko moja kutoka tawi jingine, pamoja na -x. Hiyo -x huacha namba ya badiliko la asili ndani ya maelezo, na siku yoyote mtu anaweza kuuliza: je, kuna kiraka kwenye tawi imara kisicho na asili yake kule juu? Jibu likiwa ndiyo, hilo ni deni la kulipwa wiki hiyohiyo.

Zipo dharura. Tundu la usalama likitangazwa usiku, hamtasubiri wiki. Tieni kiraka matawi yote mawili siku hiyohiyo. Na kama msimbo wa upande wa maendeleo umebadilika kiasi kwamba hitilafu haipo tena huko, andikeni hivyo waziwazi katika maelezo. Mwenzenu atakayelisoma badiliko hilo mwakani hatajua mlichokijua leo.

Lakini kanuni ya kushusha viraka hufanya kazi tu kama matawi yako karibu. Hapa ndipo ninapowaomba msome polepole, kwa sababu wakubwa wetu walijikwaa papa hapa. Zamani kerneli ya Linux ilikuwa na namba shufwa kwa matoleo imara na witiri kwa maendeleo. 2.4 ilitoka Januari 2001, kazi mpya ikaenda 2.5, na 2.6 ikatoka Desemba 2003. Karibu miaka mitatu! Kampuni zilizouza Linux hazingeweza kusubiri, zikawa zinachota vitu kutoka 2.5 na kuvibandika kwenye 2.4 zao, kila moja kivyake. Tawi imara likajaa viungo vya kuazima, na tawi la maendeleo likakosa watumiaji wa kweli wa kulijaribu. Baada ya 2.6 mtindo huo uliachwa. Leo mti mkuu hutoa toleo jipya kila wiki 9 au 10: takriban wiki mbili za kupokea mambo mapya, zilizobaki ni za kuyakaza tu.

FreeBSD nao waliumia. Tawi la 4 lilipendwa sana. Tawi la 5 lilibeba kazi kubwa ya kuiwezesha kerneli kutumia vizuri mashine zenye prosesa nyingi, na kazi hiyo ilichelewa. 5.0 ilitoka Januari 2003 ikielezwa kuwa ni teknolojia mpya isiyomfaa kila mtu, ni 5.3, Novemba 2004, iliyotoka kwenye tawi lililokwisha kuitwa STABLE. Wakati huo wote walikuwa wakilitunza tawi la 4 kando, hadi 4.11 ya Januari 2005. Hawa walikuwa mamia ya wahandisi. Nyinyi ni wanne wenye jioni na wikendi.

Kwa hiyo swali lenu nalipindua kidogo. Msiulize mtatia uzito zaidi kwenye tawi lipi. Ulizeni umbali kati ya matawi ni miezi mingapi, na mnaupunguzaje. Umbali ukiwa mfupi, mwalimu haoni mshtuko mkubwa siku ya kubadilisha, na mwanafunzi anajua kipya kitafika lini. Umbali ukiwa mrefu, kila kiraka kinakuwa tafsiri kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Na mna faida ambayo sijui kama mmeiona: mti wenyewe si wenu. Zaidi ya asilimia tisini ya kilichomo kwenye zile kompyuta, nadhani, hamkukiandika, Debian wanakitunza. Sehemu yenu ni mipangilio, mandhari, programu chache za shule na lile rekebisho la printa. Ifanyeni sehemu hiyo iwe nyembamba kadiri inavyowezekana. Kila kifurushi cha Debian mlichokifungua na kukibadilisha kwa mkono ni mtoto mliyejitwika kumlea. Mrudisheni kwa wazazi wake. Kama rekebisho la printa ni la kweli, litumeni Debian, au kwa wanaotunza CUPS, programu inayosimamia uchapishaji, kama hitilafu iko huko. Likikubaliwa, hamtalibeba tena.

Anayetaka Python mpya asinyimwe. Kinachoweza kusubiri ni mfumo wote, yeye hana haja ya kusubiri. Debian 11 inakuja na Python 3.9, 12 ina 3.11, na 13 ina 3.13. Kwa klabu, mtoto akitaka maktaba mpya za Python, afundishwe kuziweka katika mazingira yake ya pekee ndani ya folda yake. Asiguse Python ya mfumo, kwa sababu mfumo wenyewe unaitegemea. Kwa LibreOffice mpya kuna hazina ya Debian iitwayo backports, ambamo programu mpya hutengenezwa upya kwa ajili ya toleo imara. Flatpak, mfumo wa kusakinisha programu zikiwa na mahitaji yake yote, ni njia nyingine, ila ni nzito kwa bando. Pakueni mara moja mjini, mpeleke kwa diski. Kitu ambacho nawakataza kabisa ni kuchanganya hazina za testing na za toleo imara kwenye mashine moja mkitumaini mfumo utachagua vizuri. Itakwenda vyema miezi miwili, kisha kifurushi kimoja kitavuta maktaba ya C mpya, na hapo kurudi nyuma ni kusakinisha upya.

Sasa tarehe, maana hapa yule wa «tusibadilishe kitu» hana pa kusimama. Msaada wa muda mrefu wa Debian 11 unakoma tarehe 31 Agosti 2026. Baada ya hapo viraka vya bure kutoka kwa mradi havitakuja, na muhula wa tatu, muhula wa KCSE, hautakiwi kuwakuta hapo. Debian haikubali kuruka toleo: mtatoka 11 kwenda 12, kisha 12 kwenda 13. Mkifika 12, jueni kwamba programu za ndani za vifaa, zile za kadi za Wi-Fi kwa mfano, zilihamishiwa sehemu mpya ya hazina iitwayo non-free-firmware. Msipoiongeza kwenye orodha ya hazina, kadi hizo hazitapata programu zao mpya, na shule moja inaweza kuwapigia simu mtandao ukiwa umetoweka.

Halafu kuna kompyuta zilizotumika ng'ambo. Zihesabuni moja moja, mjue ni ngapi zina prosesa za biti 32. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, haina tena kerneli wala kisakinishi cha mashine hizo. Zitaishia Debian 12, ambayo msaada wake wa muda mrefu unafika tarehe 30 Juni 2028. Mkuu wa shule akiambiwa leo kwamba mashine sita kati ya 20 zina hadi 2028, ana nafasi ya kupanga bajeti. Akiambiwa siku ileile, atawalaumu, na atakuwa na haki.

Kalenda yenu iwe ya shule. Toleo jipya liingie likizo ya Aprili au ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Wiki sita kabla, gandisheni tawi: hakuna kipya kinachoingia, ni marekebisho tu. Debian walipotayarisha 13 walianza kuligandisha Machi 2025 na kutoa Agosti, kwa hatua, kila hatua ikikaza zaidi. Nyinyi wiki sita zinatosha. Muhula wa tatu usiguswe isipokuwa kwa usalama. Toleo la zamani lisaidiwe muhula mmoja baada ya jipya kutoka, kisha lifungwe. Watu wanne hawawezi kubeba matoleo imara mawili kwa mwaka mzima, hata wakijituma vipi.

Kuhusu timu yenyewe, nina ushauri ambao huenda usipendwe. Katika kipindi cha kugandisha, mtu mmoja awe na neno la mwisho, na kila toleo zamu ihamie kwa mwingine. Wa kwanza awe yule anayependa testing. Akipokea yeye simu za walimu kwa wiki sita, na yule mhafidhina akipewa kazi ya kuishi kwenye tawi la maendeleo kwenye laputopu yake ya kila siku, mtazozana kwa hoja bora zaidi. Na kila maabara iliyo tayari itoe kompyuta mbili za kukaa na toleo la majaribio, zikiwa na karatasi iliyobandikwa inayosema hivyo, ili mwalimu asishtuke. Tawi la maendeleo ambalo hakuna anayelitumia kwa kazi ya kweli halijajaribiwa.

Mengi ya haya mtayaweza wenyewe. Lakini kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi. Kama mmekwisha kuchanganya hazina kwenye mashine za shule, kama seva ya shule ina alama za wanafunzi au kumbukumbu za karo, au kama mnahisi kuna aliyeingia kwenye mashine bila ruhusa, acheni kujaribu. Tafuteni msimamizi wa mifumo aliyewahi kuhamisha Debian kutoka toleo hadi toleo, aje akae nanyi mbele ya mashine yenyewe. Idara za TEHAMA za vyuo kama Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore au JKUAT ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza. Taarifa za watoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo suala la kuvuja kwake si la mafundi peke yao. Mkuu wa shule lazima ajue siku hiyohiyo.

Na kabla ya kuigusa shule ya kwanza, chukueni nakala ya seva yake, kisha mwiteni mtu huyo aitazame ikirudishwa kwenye diski tupu hadi mwalimu aweze kuingia na kufungua faili yake. Ikishindikana kurudi, ahirisheni hadi likizo inayofuata, hata kama kila kitu kingine kiko tayari.